Kuchora hadithi ya katuni ya kuagizwa: kuanzia ujumbe wa kwanza wa mteja hadi faili la uchapaji

Ukurasa wa katuni hupita vijipicha (michoro midogo ya haraka ya kupanga ukurasa), penseli, wino, rangi, kisha herufi. Kumhamisha mhusika kutoka kushoto kwenda kulia kwenye kijipicha ni kazi ya dakika 2. Ukimhamisha baada ya penseli, saa nzima imekwenda. Baada ya rangi, afadhali uchore ukurasa upya. Ugomvi mwingi kati ya mchoraji na mteja unatoka hapo: mteja anaona mabadiliko "madogo", mchoraji anaona siku mbili zimepotea, na wala hakuna anayedanganya. Kwa hiyo kazi ya kuagizwa hupangwa ili maamuzi makubwa yafanyike mapema, wakati karatasi bado ni ya bei rahisi, na kila uamuzi uwe na maandishi.

Mfano wetu ni hadithi ya kurasa 8 za A5 zenye rangi kamili, pamoja na jalada.

Hatua ya 1: Maswali kabla ya bei

Mteja huanza na "nataka unichoree katuni, ni bei gani?" Usijibu kwa namba. Jibu kwa ujumbe kama huu:

"Salaam, asante kwa kunifikiria. Ili nikupe bei ya haki, naomba unijuze: skripti ipo tayari au bado ni wazo? Kurasa ngapi, na zitachapwa au zitasomwa kwenye simu? Rangi au nyeusi na nyeupe? Nani atasoma, wa umri gani? Nakala ngapi, na zitauzwa au zitagawiwa bure? Unaihitaji tarehe ngapi? Na nani mwingine atakayeipitisha kazi zaidi yako?"

Swali la mwisho ndilo linalosahaulika sana, na ndilo lenye madhara makubwa. Unaweza kukubaliana kila kitu na mtu mmoja, halafu penseli zikiisha anajitokeza bosi wake, ambaye hata skripti hajaisoma, na anataka mhusika mkuu awe mzee. Omba jina la mtu mmoja mwenye kauli ya mwisho.

Swali la simu au karatasi nalo linabadilisha kazi nzima. Ukurasa wa A5 una umbo lake. Hadithi ya kushuka kwa kidole kwenye skrini haina ukurasa kabisa. Upana unaotumika sana huko ni pikseli 800 (chora kwa 1600, kisha punguza), na nafasi tupu kati ya fremu (visanduku vya picha) ndiyo inayopima muda. Kuukatakata ukurasa uliochorwa kwa kitabu ili uingie kwenye simu huzaa kitu kibovu, hivyo mteja akitaka vyote viwili, hizo ni kazi mbili.

Skripti ikifika, isome ukiwa na kalamu na uhesabu fremu. Waandishi wasiozoea katuni huandika hivi: "Fremu ya 2: Juma anaingia jikoni, anaona dirisha limevunjwa, anakimbilia simu." Hiyo si fremu moja. Picha moja hubeba tendo moja la mtu mmoja, basi hapo kuna fremu 3. Ukilikuta jambo hili mara tano katika kurasa 8, hadithi imeshakuwa ya kurasa 10 au 11. Na kijitabu cha kubanwa kwa pini katikati hakikubali kurasa 11, kwa sababu kila karatasi iliyokunjwa inatoa kurasa 4. Ama mnapunguza hadi 8, ama mnapanda hadi 12. Mwambie mteja sasa, kabla ya bei.

Hatua ya 2: Hesabu ya saa

Bei ya kubahatisha kwa ukurasa humpunja mchoraji, kwa kuwa hukumbuka saa za kuchora tu. Pima saa zako halisi kwa kurasa tatu nne, kila hatua peke yake. Tuseme ukurasa wenye fremu 5 umekuchukua hivi: kijipicha dakika 30, penseli saa 4, wino saa 3, rangi bapa (zisizo na vivuli) saa 1, vivuli na mwanga saa 2, herufi dakika 45. Jumla ni saa 11 na robo. Kurasa 8 ni saa 90. Jalada lihesabu kama kurasa 2: saa 22 na nusu. Laha za wahusika 3 (karatasi za kuonyesha sura ya kila mmoja), kila moja saa 3: saa 9. Hapo ni saa 121 na nusu.

Ongeza asilimia 10 ya mawasiliano na kutafuta picha za rejea, halafu asilimia 15 juu yake ya marekebisho. Unafika kama saa 154. Mkono unaochora vizuri hauzidi saa 6 kwa siku kwa muda mrefu, basi hiyo ni siku 26 za kazi, yaani zaidi ya wiki 5. Mteja aliyetarajia wiki 2 ni bora alijue hili leo. Namba hizi ni mfano tu. Cha kubaki nacho ni mpangilio wa hesabu.

Zidisha saa kwa kiwango chako, ongeza vifaa, ongeza thamani ya matumizi: nakala 200 za kugawa bure si sawa na picha itakayowekwa kwenye bidhaa miaka 10. Ahadi ya "tutakutangaza" haiingii kwenye hesabu. Umati sokoni, magari mengi, majengo yenye madirisha 60, vyote hivyo vinakula saa, na vinaonekana kwenye skripti mapema ukiisoma kwa jicho la kuchora.

Hatua ya 3: Makubaliano ya maandishi

Ukurasa mmoja unatosha, hata barua pepe ambayo mteja ameijibu "nimekubali". Ndani yake ziwemo: idadi ya kurasa na ukubwa, tarehe ya kila hatua, bei na awamu za malipo, idadi ya marekebisho, haki za matumizi, na nini kitatokea kazi ikikatishwa.

Awamu zinazofanya kazi vizuri ni asilimia 40 kabla ya kuanza, 30 penseli zikipitishwa, na 30 kabla ya kukabidhi faili safi. Zingatia neno "kabla". Anayekabidhi faili kamili kisha akasubiri malipo ameshaitoa silaha yake ya pekee. Hadi hapo mteja aone picha ndogo tu, za upana wa pikseli 1000, zenye alama yako katikati.

Marekebisho: mizunguko 2 kwenye vijipicha, 1 kwenye penseli, na baada ya wino makosa ya mchoraji tu. Mzunguko mmoja maana yake ni orodha moja iliyokusanywa pamoja. Jumbe kumi na mbili za sauti zilizotawanyika wiki nzima hazihesabiki kuwa mzunguko. Akikutumia sauti, iandike kwa maneno yako, mrudishie, mwulize: "Ndivyo ulivyomaanisha?"

Ukimya nao uwe na kifungu chake. Mteja asipojibu kwa siku 7, tarehe zote za mbele zinasogea kwa siku hizo hizo. Zikipita siku 30, kazi imekatishwa na hatua zilizokamilika zinalipwa. Bila kifungu hiki, mteja hupotea mwezi mzima halafu hurudi akitaka tarehe ile ile ya zamani.

Kuhusu haki: chini ya Mkataba wa Berne wa 1886, hakimiliki huanza pale kazi inapoundwa, bila kusajiliwa popote. Mteja akilipia kuchorewa hajanunua kila kitu moja kwa moja, ingawa sheria za nchi hutofautiana kuhusu kazi za kuajiriwa na za kuagizwa. Ndiyo maana iandikwe anapata nini: kuchapa kijitabu hiki, kwa lugha fulani, kwa muda fulani. Kuuza fulana, kutengeneza filamu, kulisha picha kwenye programu za akili bandia zinazojifunza kuchora, kila kimoja kitajwe kama kimo au hakimo. Karatasi halisi uliyochorea nayo ni mali tofauti na hakimiliki. Usipoitaja, itakuja kuulizwa.

Hatua ya 4: Laha za wahusika

Kila mhusika mkuu achorwe mbele, ubavuni na nyuma, kisha nyuso 4 zenye hisia tofauti. Wapange wote kwenye mstari mmoja ili urefu wao ulinganishwe. Wajaze weusi mtupu: kama vivuli vyao havitofautiki, msomaji atawachanganya kwenye fremu ndogo. Epuka nguo yenye maua au mistari mingi. Utaichora mara 40.

Hatua ya 5: Vijipicha

Hapa ndipo hadithi inapopatikana au kupotea, na ni hatua ambayo wengi huiruka kwa sababu haipendezi macho. Chora visanduku vya sentimita 5 kwa 7, ambavyo vina uwiano wa A5, na uvipange kama msomaji atakavyoviona kitabu kikiwa wazi: ukurasa wa 1 peke yake kulia, kisha 2 na 3 pamoja, 4 na 5, 6 na 7, halafu wa 8 peke yake. Mpangilio huu unakuonyesha ukurasa unapofunuliwa. Jambo la kushtua likae juu ya ukurasa wa shufwa (2, 4, 6, 8), na swali linalolitangulia likae fremu ya mwisho ya ukurasa wa witiri. Mwizi akionekana kwenye ukurasa wa 5, jicho limeshamwona tangu msomaji alipofungua wa 4.

Weka viputo vya maneno kwanza, watu baadaye. Inaonekana kinyume, lakini kiputo kisichopangiwa nafasi huja kukaa juu ya uso wa mtu. Anayeongea kwanza akae kushoto, kwa kuwa tunasoma kutoka kushoto. Ukimweka kulia, mikia ya viputo itapishana kama nyuzi zilizosokotana. Kwa A5, fremu 4 hadi 6 kwa ukurasa zinatosha. Kiputo kikivuka maneno 20 kigawe, na ukurasa ukivuka maneno 120 mrudie mwandishi.

Badilisha umbali: fremu moja ya mbali inayoonyesha mahali, za kiunoni kwa maongezi, ya uso pale hisia inapopanda. Kila tukio jipya lianze kwa kuonyesha wahusika wako wapi. Kama Juma yuko kushoto na dada yake kulia, wabaki hivyo hadi tukio liishe, la sivyo msomaji atadhani wamegeukiana migongo.

Sasa funika maneno yote, umpe mtu asiyeijua hadithi. Akisimulia kitu kinachokaribia skripti, vijipicha vimesimama. Akikwama kwenye fremu moja, tatizo liko fremu iliyotangulia mara nyingi kuliko hiyo aliyokwama.

Mtumie mteja vijipicha vikiwa na maneno yaliyochapwa, maana mwandiko wako wa haraka hatausoma. Mweleze waziwazi: "Usiangalie uzuri wa michoro bado. Angalia mpangilio wa matukio, na kama kuna kilichosahaulika." Pata neno "nimepitisha" kabla ya kuendelea.

Hatua ya 6: Penseli

Ukichora kwa mkono, tumia A4 kwa kitabu cha A5. Mchoro ukipunguzwa hadi asilimia 71 ya upana, mtikisiko wa mkono nao unapungua. Karatasi laini ya gramu 250 hadi 300 inahimili kifutio na wino. Penseli ngumu ya 2H inachimba karatasi na kuacha mfereji ambao wino hufuata. HB yenye mkono mwepesi ni salama zaidi. Penseli ya buluu hafifu inakuondolea kufuta kabisa: skani kwa rangi, kisha baki na chaneli ya buluu peke yake, na mistari ya buluu inatoweka kwa sababu humo inaonekana nyeupe.

Kwa dijitali, fungua faili la milimita 154 kwa 216. Hiyo ni A5 yenye milimita 3 za ziada kila upande za kukatwa. Kwa nukta 600 kwa inchi utapata kama pikseli 3638 kwa 5102. Uso na maneno vikae angalau milimita 5 ndani ya mstari wa kukatia, kwani kisu cha mtambo hakikati pale pale kila mara.

Hatua ya 7: Wino

Kalamu ya milimita 0.2 kwenye A4 inakuwa 0.14 ikifika A5. Ya 0.05 inaweza kupotea kabisa, basi kwa kazi ya kupunguzwa acha kutumia chini ya 0.1. Mipaka ya walio karibu iwe minene, ya walio mbali iwe myembamba. Hilo peke yake linatenganisha mtu na ukuta ulio nyuma yake. Weka maeneo ya weusi mtupu kabla ya mistari midogo, ili uone uzito wa ukurasa umeegemea wapi.

Subiri wino ukauke kabisa kabla ya kufuta penseli. Sehemu kubwa za weusi hukauka polepole kuliko mistari, na kifutio kikipita mapema huburuta ukungu wa kijivu ukurasa mzima. Skani kwa nukta 600, kisha igeuze iwe nyeusi na nyeupe tupu. Mistari ikikatika, punguza sehemu inayogeuka nyeupe; ikijaa matope, iongeze.

Hatua ya 8: Rangi

Anza na rangi bapa kwenye leya (tabaka la faili) iliyo chini ya mistari, kwa brashi isiyolainisha kingo, ili ukitaka kubadilisha shati lote uguse mara moja tu. Chagua rangi 5 au 6 kwa kila tukio. Kijani cha kung'aa, chungwa kali na buluu ya umeme unazoziona kwenye skrini hufifia zikichapwa kwa wino 4, basi washa onyesho la rangi za uchapaji mapema.

Hatua ya 9: Herufi

Mtu husamehe mkono uliochorwa vibaya, lakini herufi zisizosomeka humfanya afunge kitabu. Weka maneno kwenye leya yake, yasiunganishwe na picha. Kwa A5 tumia pointi 7.5 hadi 8, kisha chapa ukurasa mmoja kwa ukubwa halisi uusome ukiwa umeunyoosha mkono.

Kiswahili kina mitego yake. Fonti nyingi za katuni zimetengenezwa kwa Kiingereza, na herufi kubwa I imewekewa vipande juu na chini kwa ajili ya neno moja tu la lugha hiyo. Ukiandika MIMI kwa herufi kubwa, I zote mbili zinatoka na vipande na neno linaonekana kama uzio. Andika kwa herufi ndogo: fonti hizo huonyesha kubwa, na I inatoka mstari mtupu.

Pili ni ng'. Ukinakili skripti kutoka kwenye simu, alama ya ritifaa huja kwa sura tatu nne tofauti, au haiji kabisa, na "ng'oa" ikawa "ngoa", neno lenye maana nyingine. Tafuta kila "ng" kwenye faili uikague kwa jicho.

Tatu ni urefu. "Hawakutuambia" ni neno moja lenye herufi 13, na halikatiki pale pale unapotaka. Kiputo chembamba kirefu, kinachofaa lugha zenye maneno mafupi, hapa kinakwama. Panua kiputo, panga mistari iwe mifupi juu na chini na mirefu katikati:

HAWAKUTUAMBIA
KWAMBA WATARUDI TENA
KESHO ASUBUHI

Ukilazimika kukata neno, kata baada ya irabu: "kuku-mbuka", kamwe si "kukum-buka". Mkia wa kiputo uelekee mdomoni na uishie katikati ya safari. Usimguse mtu, wala usielekee kifuani.

Mtu mwingine asome herufi zote kwa sauti. Macho yako yameshazoea makosa.

Hatua ya 10: Kukabidhi

Mpigie anayechapa, umuulize anataka faili la aina gani. Kwa kawaida ni PDF yenye kurasa moja moja kwa mfuatano, rangi za CMYK (zile za wino 4 za uchapaji), picha nukta 300 na mistari 600. Maneno yawe meusi ya wino mweusi peke yake kwa asilimia 100. Weusi wa skrini ukigeuzwa hivi hivi huwa mchanganyiko wa wino 4, na sahani za mtambo zinazobeba kila wino zikiteleza kidogo tu, kila herufi inapata kivuli chekundu au cha buluu.

Taja faili kwa namna inayojipanga yenyewe: kisima_uk03_wino_v2. Jina "mwisho_kabisa_sasa2" limewahi kupeleka ukurasa wenye kosa mtamboni mara nyingi. Hifadhi nakala 3, mbili kwenye vifaa tofauti na moja nje ya nyumba. Tuma ankara ya mwisho pamoja na picha ndogo za kurasa zote, na malipo yakiingia kabidhi PDF. Faili zenye leya hubaki kwako, isipokuwa mliandika vinginevyo na zikalipiwa. Zitunze: mteja huyo huyo anaweza kurudi mwakani akitaka toleo la lugha nyingine, na kama maneno yako kwenye leya yake, hiyo ni kazi ya siku mbili unayoitoza upya.